Matoka ya Jiwe la Kufulia

Watu wengi huisifu harufu ya mbao mbichi. Wakipita penye msumeno husimama kidogo, wakavuta pumzi, wakasema aa, hapa kweli panajengwa. Mimi hupita mbio, leso puani, na nikiulizwa husema vumbi la mbao hunibana kifua. Uongo mtupu. Kifua changu ni kizima. Kinachonibana ni aibu, na nimeibeba tangu nikiwa msichana wa sketi ya shule. Harufu hiyo ndiyo iliyonilisha, ikanivisha, ikanipeleka shule ya bweni nikarudi nikizungumza kwa madaha. Lakini kila ninapoisikia, chini yake huja harufu nyingine ambayo imekwisha kabisa duniani: tope jeusi, majani ya nduma yaliyolowa umande, na matete yaliyolaliwa na ndege. Hiyo ndiyo harufu ya kinamasi cha Cucu, na aliyekizika ni baba yangu.

Cucu, ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku Nyeri, aliishi peke yake kwenye mteremko ng'ambo ya Ruring'u, sisi tukikaa mjini. Likizo ya Aprili nilipelekwa kwake, na mwaka huo ninaousimulia ulikuwa wa mwanzomwanzo wa Uhuru, watu wangali wanaimba wakienda shambani. Nyumba yake ilikuwa juu, shamba la mahindi na kahawa kidogo likishuka chini, na mwisho wa shamba ardhi ililala tambarare na maji yakasimama. Kulikuwa na chemchemi isiyokauka hata kiangazi kikali, na kandokando yake nduma, yaani magimbi, zenye majani mapana kiasi cha kujikinga mvua. Mbele zaidi yalikuwa matete, na ndani ya matete ulikuwa mji mwingine kabisa. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala na Mlima Kenya haujajitoa, nilisikia bata mwitu wakigombana, vyura wakijibizana, yangeyange wakitua mmoja mmoja pembeni. Na walikuwepo korongo wawili wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, waliokuja kila masika kutaga humo. Watu wa kwetu wa zamani hawakuwa na desturi ya kula ndege, kwa hiyo korongo hao hawakumwogopa mtu. Cucu alipokuwa akichimba nduma wao walitembea karibu naye, shingo juu, kama wasimamizi wa barabara.

"Wapangaji wangu hao," alikuwa akiniambia. "Wanakula kwangu, wanazaa kwangu, wananipigia kelele alfajiri, na kodi hawajui ni nini." Akiwaona wakicheza ngoma yao ya kuruka na kufungua mabawa, alichukua jembe akaenda kupanda maharagwe, maana alijua mvua imekaza. Hakuwa mtu wa maneno matamu, Cucu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na akikuta umechota maji chemchemini kwa sufuria yenye masizi alikutolea maneno ambayo hutayasahau. Wanawake wa mteremko mzima walichota pale, na hakuna aliyethubutu kufulia nguo chemchemini penyewe. Palikuwa na jiwe kubwa, pana, katikati ya bonde, na nguo zilifuliwa hapo. Jiwe la kufulia, kila mtu alilijua kwa jina hilo.

Mimi ni binti wa kwanza wa Baba, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Cucu alikuwa Wamuyu, kwa hiyo na mimi ni Wamuyu. Lakini Baba hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, jinsi alivyomwita Cucu mwenyewe. Tukiwa sote nyumbani kwake, Baba akisema "Maitu, leta maji," tuliangaliana mimi na Cucu, kisha Cucu akasema, "Nenda wewe, miguu yako ndiyo mipya." Nilipenda sana jambo hilo. Nilijiona mkubwa, mtu aliyezaa mwanamume mwenye duka la misumari na mabati mjini, mwanamume mwenye pikapu.

Jumapili moja baada ya ibada, Baba alikuja na pikapu hiyo akiwa bado amevaa suti. Alikunywa chai, akauliza habari za ng'ombe, akasifu mahindi. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye kikombe, kwamba anataka kuweka kiwanda cha kupasua mbao. Watu wanajenga kila mahali, alisema, kuanzia hapa mpaka Nanyuki, na magogo yanashuka kutoka msituni yakipelekwa kwa matajiri wengine. Anahitaji mahali tambarare, karibu na barabara. Cucu alicheka. "Tambarare? Shamba hili lote ni mteremko, mwanangu. Utaweka wapi, kichwani kwangu?" Baba hakucheka. Alinyoosha kidole chini, kule kwenye matete. Angechimba mitaro maji yaende mtoni, kisha malori yamwage kifusi. Haiya! Nakumbuka nilisimama na birika mkononi, chai ikamwagika kwenye kiatu changu na hakuna aliyeona.

Ardhi ilikuwa ya Baba kwenye karatasi. Babu alikufa kabla mashamba hayajagawanywa upya, na wakati wa kuandikisha, mjane hakuandikwa, aliandikwa mwana. Cucu alilijua hilo, na hakubishana nalo. Aliuliza, "Na wanaochota maji?" Baba akasema ataleta bomba. "Na ndege?" Baba akatabasamu kidogo. "Ndege wana mabawa, Maitu." Cucu akazungusha kikombe chake. Kisha akaomba. Sikuwahi kumwona akiomba mtu kitu, na sauti yake ilikuwa tofauti, ya chini. "Korongo wamelalia mayai. Chukua huku juu mpaka kwenye jiwe la kufulia, hata kesho. Huku chini, penye chemchemi na matete, niachie. Niachie tu mpaka nife, halafu ufanye utakavyo." Baba alisimama, akavaa kofia. Alisema msumeno hauwekwi nusu, na malori yamekwisha kuagizwa. Alimshika mama yake bega, akaniambia, "Maitu, mtunze Maitu," akaondoka. Lilikuwa neno lake la mzaha la siku zote. Siku hiyo sote wawili hatukulicheka.

Kesho yake Cucu aliniamsha akanipa kiondo. Tulizunguka kwa wanawake wenzake, na kila mmoja alitupa tunguu za itoka zilizochipua pembeni mwa nyumba yake. Itoka ni yungiyungi la kwetu, lenye tunguu mfano wa kitunguu kikubwa na maua meupe yenye mistari ya waridi. Mgeni akiliona atasema ua zuri. Kwa Wagikuyu itoka ni mpaka. Wazee wakishaamua shamba la fulani linaishia wapi, matoka hupandwa kwenye mstari huo, na hakuna jirani anayeyagusa tena, hata wakosane vipi. Atakayeyang'oa amejiletea laana, yeye na watoto wake. Watu walioshtakiana, wakapigana, wakachomeana nyumba wakati wa Hali ya Hatari kabla ya Uhuru, bado walipalilia kwa uangalifu wakilikwepa itoka la adui yao. Cucu alipiga magoti kwenye tope, akapanda kuanzia jiwe la kufulia kwenda pande zote mbili, mimi nikimpa tunguu moja moja. Upande wa juu, wa Baba. Upande wa chini, wa chemchemi. Alipomaliza alijipangusa mikono, akasema, "Haya. Sasa tuone mwanamume."

Mteremko wote ulizungumza habari hiyo. Wazee walikuja wakasimama na fimbo zao, wakacheka sana. Ati mwanamke kapanda mpaka! Bila wazee, bila mbuzi wa kuchinja, tena baina yake na mwanawe mwenyewe! Walisema huo si mpaka, ni bustani. "Basi ng'oeni," Cucu akawaambia. "Si ni bustani? Ng'oeni mnipunguzie kazi." Wakaangaliana, wakakohoa, kila mmoja akakumbuka kwamba ana shughuli kwake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Vijana wa kijiji walioajiriwa kuchimba mitaro walifika wakiwa na majembe begani, wakachimba upande wa juu vizuri tu, na walipofika kwenye matoka wakasimama. Mmoja akasema mama yake ni mgonjwa. Mwingine aligeuka akapanda mlima. Jioni Baba akaja, akakuta mtaro umekatikia kwenye jiwe la kufulia kama uliokatwa kwa kisu.

Alikasirika mpaka shingo ikavimba. Alinyakua jembe, akaenda mpaka kwenye itoka la kwanza, akaliinua jembe juu. Nilikuwa karibu, niliona mikono yake. Ilitetemeka. Alikuwa amesoma, alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa amezoea kutuambia laana ni hadithi za watu wa giza. Aliliangalia itoka, akaniangalia mimi, mtoto wake, akalishusha jembe taratibu kando ya mguu wake. Usiku huo nilimpenda Baba kuliko siku zote. Nilifikiri yamekwisha.

Wiki hiyo haikumalizika. Baba alikuja na sukari, unga na leso mpya, akamwambia Cucu kwamba ameona mama amekaa muda mrefu bila kumwona dada yake kule Karatina, na dereva atampeleka na kumrudisha jioni. Cucu alifurahi kitoto. Alijifunga leso mpya, akapanda pikapu, akatupungia mkono. Nami nikampungia. Pikapu haijapotelea kwenye kona, wanaume walitokea upande wa pili wa barabara. Sikumjua hata mmoja. Walikuwa watu wa kutoka magharibi ya nchi, waliokuja Nyeri kutafuta vibarua, na Baba alikuwa amewachukua mjini. Kiongozi wao aliitwa Wafula, mtu mrefu, mpole, aliyenisalimia kwa mkono kama mtu mzima. Alishuka mpaka bondeni, akatazama ule mstari wa mimea iliyopangwa vizuri, akauliza kabla ya kuinua jembe.

"Mzee, hii maua iko na mwenyewe?"

"Ni maua tu," Baba akasema. "Ng'oa."

"Si maua!" nikapaza sauti. "Wafula, si maua, ni—"

"Nyamaza, Maitu," Baba akasema. Nyamaza, mama yangu. Alinishika mkono akanipandisha mpaka nyumbani, akafunga mlango, akaketi nje akiuegemea. Nilipiga ubao kwa ngumi nikilia. Kupitia upenyo wa dirisha niliona majembe yakipanda na kushuka, na matoka ya Cucu yakitupwa lundo moja juu ya jiwe la kufulia. Wanaume wale walifanya kazi wakiimba. Kwa nini wasiimbe? Kwao lilikuwa palizi tu.

Kisha wimbo ukakatika. Walikuwa wamefika kwenye matete, na korongo mmoja alikuwa ametoka mbele yao, mabawa wazi, akiruka na kupiga kelele. Wafula alirudi nyuma akatua jembe. Baba aliposhuka kuuliza kuna nini, nami nikachomoka nikamfuata, nilimsikia Wafula akisema kwamba ukoo wao haumgusi ndege huyu. "Amelala kwa mayai, mzee. Kwetu huyu hafukuzwi. Ngoja watoto watoke, halafu tutamaliza." Baba alibembeleza, akafoka, akatishia kuwafukuza. Wafula akatikisa kichwa kwa adabu. Nikawatazama wote wawili: mgeni aliyekataa kumsumbua ndege, na mwenye mama aliyempeleka mama yake Karatina. Nilijua ni yupi angepaswa kuwa mwana wa Cucu, na fikira hiyo iliniumiza kwa sababu nilimpenda Baba.

Cucu alirudi jioni na kikapu cha ndizi kutoka kwa dada yake. Alishuka moja kwa moja bondeni. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya jiwe kando ya lundo la matoka yaliyoanza kunyauka, akaweka mikono mapajani, machozi yakamtoka bila sauti. Wafula alisogea, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini mama analilia maua. Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka, laana, watoto. Uso wake ulibadilika nikiona. Alimwendea Baba, aliyekuwa amesimama mtaroni na mikono mifukoni.

"Mzee," akasema, "kwa nini hukung'oa mwenyewe?"

Baba aliutazama mtaro.

"Mimi pia niko na watoto, mzee."

Baba alitazama viatu vyake vyenye tope. Alikuwa mtu wa maneno mengi, Baba, mtu wa kusimama katika harambee na kuchekesha umati. Wafula alisubiri, kisha akaacha kusubiri. Alikusanya matoka kwa mikono miwili, akayapandisha mlima mpaka mlangoni kwa Cucu, akarudi akachukua mengine. Halafu akainama mbele yake. "Mama, nisamehe. Mimi sikujua." Cucu alimshika kichwa. "Wewe huna kosa, mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Aliyejua ni yule wa tumbo langu." Alisema hivyo bila hasira, kama anayemtambulisha mgeni kwa mwenyeji, na Baba alisikia, na mimi nilisikia, na wanaume wote wale walisikia. Nikatamani ardhi inimeze.

Baba alipata wengine wa kumalizia. Watu wanaohitaji kazi hawakosekani. Malori yalimwaga kifusi na vumbi la mbao, chemchemi ikapelekwa mtoni kwa mtaro, matete yakafukiwa pamoja na kiota. Korongo wawili walizunguka juu ya bonde siku kadhaa wakiita, wakitua kwenye kifusi na kutembeatembea, kisha hawakuonekana tena. Bomba aliloahidi Baba lilikuja, likatoa maji masika na kukohoa hewa kiangazi. Msumeno uliwekwa. Watu walinunua mbao kwetu, nzuri na zenye bei ya haki, lakini sikuwahi kumsikia mtu wa mteremko akisema anakwenda kwa Baba. Walisema wanakwenda pale kwa mama yake. Shuleni wasichana waliniuliza, kwa upole wa kujifanya, iwapo korongo wa bibi yangu wanaendelea vizuri. Na Baba, tangu jioni ile, hakuniita tena Maitu. Aliniita Wamuyu. Mara ya kwanza alipolitamka nilidhani anamwita mtu mwingine.

Cucu aliyapanda matoka yale mlangoni kwake, yote, yakazunguka nyumba. Baba alipokuja alipewa chai, akaulizwa habari za watoto, na ili aingie ndani alilazimika kuvuka mstari ule. Alifanya hivyo miaka yote iliyobaki ya Cucu, akiinua mguu juu kupita kiasi. Mimi nilitazama mguu huo kila mara. Hatukuzungumza habari hiyo hata mara moja, wala Baba alipokuwa mgonjwa, wala nilipomzika.

Msumeno umenyamaza siku nyingi. Magogo yalikoma kushuka, mashine zikashika kutu, na shamba likawa langu, kisha nikamkabidhi mwanangu alisimamie. Ni kijana mzuri, mwenye bidii, anayenijali. Amejenga nyumba za kupangisha pale palipokuwa na matete, na wapangaji hawa hulipa kodi. Kila masika maji hurudi kuwatafuta. Huchipuka kwenye sakafu ya vyumba vya chini, vyura huimba kwenye ngazi, na mwanangu huleta pampu na kulaumu mafundi. Mwaka huu aliamua kujenga nyingine, juu, ilipokuwa nyumba ya Cucu, na mtaro mkubwa ushuke kukausha ile pembe ya mwisho iliyobaki na majimaji, ambapo yangeyange wachache bado hutua. Aliniomba nije nione kazi ikianza. Nilivaa vizuri, nikaja na mjukuu wangu, binti yake wa kwanza, ambaye bila shaka mnajua jina lake.

Matoka yalikuwa yamechanua. Yameongezeka miaka hii yote, yakatanuka pande zote, meupe na waridi, na mjukuu wangu akapiga makofi alipoyaona. Kibarua mmoja, kijana mgeni, alisimama mbele ya matoka na jembe, akamgeukia mwanangu. "Bosi, hii maua iko na mwenyewe?" Mwanangu aliyatazama mara moja tu. Mikono yake haikutetemeka. "Ni maua tu," akasema kwa uchangamfu. "Ng'oa."

Nikamshika mtoto bega. Baba yangu alilazimika kwenda mpaka mjini kutafuta watu wasiojua. Mwanangu hakuhitaji kwenda popote, maana asiyejua nilimlea mimi mwenyewe, mezani kwangu, kwa aibu yangu ya kunyamaza. Nilipiga kelele kijana yule aliweke jembe chini, kelele za mwanamke mzima mbele ya mafundi, kisha nikaketi kwenye rundo la matofali nikamsimulia mwanangu kila kitu, Karatina, Wafula, mlango uliofungwa. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amechutama mbele yangu. Halafu akauliza, bila ukali wowote, "Mama, mbona hukuniambia?"

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope.